GEORG SIMON OHM: MWALIMU WA SHULE ALIYEPIMA UMEME
Na mwanafunzi wa kidato cha tatu

Katika jarida letu tumezoea kusoma habari za waandishi, wapigania uhuru na wanariadha. Hao ni watu wa sifa na sina neno nao. Mwaka huu nimeonelea niwaletee mtu mwingine. Jina lake tunalitaja darasani karibu kila wiki, lakini ukimwuliza mwanafunzi alikuwa nani, atakukodolea macho tu. Mtu huyo ni Georg Simon Ohm. Wengi wetu tunamjua kama mstari mmoja katika kitabu cha fizikia: V ni sawa na I mara R. Kengele ikilia tunafunga kitabu na kumwacha humo ndani. Kumbe alikuwa mwalimu wa sekondari, tena mtoto wa fundi wa mikono kama mafundi wetu wa jua kali hapa Kitale.

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, kusini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja bali falme na miliki nyingi. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake alikuwa binti wa mshonaji nguo. Watu hawa hawakuwa na mali. Watoto wao walikuwa saba, lakini wengi walifariki wakiwa wadogo, kama ilivyokuwa kawaida siku hizo, na watatu tu ndio waliokua: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao Elizabeth. Georg alipokuwa na miaka kumi, mama pia akafariki.

Sasa sikilizeni habari za huyu baba. Hakuwa amesoma shule ya maana, lakini alikuwa amejifundisha mwenyewe hisabati, fizikia, kemia na falsafa. Akishamaliza kazi ya kufuli aliwaketisha wanawe na kuwafundisha. Vijana wakaiva kwelikweli. Georg alipokuwa na miaka kumi na mitano, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Erlangen aliyeitwa Langsdorf aliwapima yeye na nduguye, akashangaa, akawafananisha na ukoo wa Bernoulli uliotoa wanahisabati wengi mashuhuri huko Uswisi. Kwa hiyo msije mkafikiri kwamba elimu huanzia kwenye maabara ya kifahari. Ya Ohm ilianzia kwa fundi kufuli.

Mwaka wa 1805 Georg aliingia chuo kikuu. Hapo, wenzangu, akafanya yale ambayo tunakatazwa kila Jumatatu kwenye gwaride. Badala ya kusoma alikwenda dansi, akateleza kwenye barafu na kucheza biliadi. Baba yake, aliyekuwa akitoa jasho kumlipia, akakasirika sana. Baada ya mihula mitatu Georg aliondoka chuoni, na mnamo 1806, akiwa na miaka kumi na saba, akapelekwa Uswisi kufundisha hisabati katika shule moja ya Gottstadt. Kijana wa umri wetu, mbali na kwao, ameshika chaki!

Huko ndiko akili ilikomrudia. Alisoma peke yake vitabu vya wanahisabati wakubwa wa wakati huo, kama vile Euler na Laplace. Mwaka wa 1811 akarudi Erlangen na kupata shahada ya udaktari. Lakini shahada si sahani ya ugali. Kazi ya chuoni ilikuwa na mshahara mdogo mno, akaiacha. Mwaka wa 1813 akaenda kufundisha katika shule moja duni mjini Bamberg, nayo ikafungwa mwaka wa 1816. Hatimaye, mwaka wa 1817, alipata nafasi ya kufundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Wajesuiti mjini Köln. Shule hiyo ilikuwa na jambo moja ambalo shule nyingi hazikuwa nalo, yaani chumba cha vifaa vya fizikia. Ohm alikuwa mwana wa fundi na mikono yake ilijua chuma na waya. Alizoea kutengeneza vifaa vyake mwenyewe.

Mwaka wa 1820 kulitokea habari iliyowashtua wataalamu wa Ulaya nzima. Hans Christian Ørsted wa Denmark aligundua kwamba waya unaopitisha umeme unaweza kugeuza sindano ya dira. Ohm akaona njia: kama umeme unasukuma sindano, basi mkondo mkubwa utaisukuma sana na mdogo utaisukuma kidogo. Kwa hiyo umeme unaweza kupimwa! Baada ya shule kufungwa jioni, mwalimu huyu alianza kupima.

Taabu yake ya kwanza ilikuwa betri. Betri za siku hizo, zile alizobuni Alessandro Volta wa Italia mwaka wa 1800, zilikuwa hazitulii. Unaanza kupima zikiwa na nguvu, unamaliza zikiwa zimechoka, na vipimo vinakudanganya. Matokeo yake ya kwanza ya 1825 hayakuwa sahihi. Mhariri wa jarida la sayansi, Poggendorff, akamshauri aache betri atumie metali mbili zilizounganishwa, upande mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, kwa sababu tofauti ya joto huzalisha umeme mdogo lakini uliotulia. Ohm akaunganisha shaba na bismuthi. Upande mmoja akautia katika maji yanayochemka, wa pili katika barafu. Kisha, mnamo Januari 1826, akapitisha umeme huo katika nyaya nane za shaba zenye unene mmoja na urefu tofauti, moja baada ya nyingine, akisoma jinsi sindano inavyogeuka.

Alichokiona ni hiki: kadiri waya unavyokuwa mrefu, ndivyo mkondo unavyopungua, na unapungua kwa utaratibu unaoweza kuandikwa kwa hesabu fupi. Tena hakuhesabu ule waya wa nje peke yake. Aliongeza ukinzani wa sehemu nyingine ya sakiti, pamoja na ule ulio ndani ya chanzo chenyewe. Hiki ndicho kile tunachofundishwa kidato cha tatu kama ukinzani wa ndani. Mwaka wa 1827 aliyachapisha yote mjini Berlin katika kitabu kilichoeleza sakiti ya umeme kwa njia ya hisabati.

Hapa nitamwacha Ohm kidogo nije Matisi, maana msomaji anaweza kuuliza: waya wa shaba wa 1826 unatuhusu nini sisi?

Wenzangu mnaotoka mitaa hii mnajua jinsi jioni ilivyo. Stima ikipotea, na kuna nyumba ambazo haijafika kabisa, watu huwasha kile walicho nacho. Koroboi bado zipo, na moshi wake unajulikana na kila aliyewahi kuamka na masizi puani. Siku hizi watu wanapenda zile taa ndogo za LED zilizopangwa kwenye waya mrefu, ambazo wengi huziita taa za Krismasi. Zinatumia mawe matatu ya tochi. Ubaya wake ni kwamba mawe huisha haraka na kuyanunua kila mara kunakula faida. Mama mmoja jirani yetu, anayeuza chapati na maharagwe kando ya barabara jioni, alikuwa na taa kama hizo. Kwa vile kijana wake ana betri ya volti 12, walifikiri vizuri tu kwamba betri kubwa itadumu kuliko mawe. Wakakata kiboksi cha mawe na kufunga nyaya moja kwa moja kwenye betri. Taa zikawaka kwa mwanga mkali wa ajabu, kisha zikazima zote. Biashara ya jioni hiyo ikafanyika kwa tochi ya simu. Watu wakasema taa za siku hizi ni takataka.

Ohm angekuwa Matisi angewaambia kwamba taa hazikuwa na makosa. Hebu tuhesabu pamoja.

Taa moja nyeupe ya LED huhitaji takriban volti 3, na ile ndogo ya kawaida hustahimili mkondo wa takriban miliampea 20, yaani ampea 0.02. Mawe matatu yana volti 4.5. Mbona basi hayaunguzi? Mara nyingi kuna rezista ndogo iliyofichwa kwenye kiboksi. Tena mawe madogo yana ukinzani wa ndani, ule ule alioupima Ohm, ambao huzuia mkondo usizidi. Betri kubwa ya volti 12 ina ukinzani wa ndani mdogo mno, karibu na hakuna. Inaweza kutoa mkondo wa kutisha. Jambo jingine ni kwamba LED haifuati kanuni ya Ohm kama waya unavyoifuata. Ukichora grafu yake, haiwi mstari ulionyooka. Ikishafika volti zake, ukiongeza kidogo tu mkondo unaruka juu. Ndiyo sababu lazima awepo askari wa kuuzuia, na askari huyo ni rezista.

Sasa tuseme tuna taa tisa. Njia ya kwanza ni kuziacha zote sambamba kama zilivyotoka dukani na kuweka rezista moja. Taa tisa sambamba hutaka mkondo wa ampea 0.18. Betri ya volti 12 ikiwa kwenye chaji hupanda mpaka takriban volti 14.4, kwa hiyo tunahesabu kwa kipimo hicho kikubwa tusije tukaunguza. Toa volti 3 za taa, zinabaki 11.4. Gawa kwa 0.18, unapata omu 63 na kitu. Lakini tazameni: volti 11.4 mara ampea 0.18 ni wati 2 na zaidi, zote zikigeuka joto katika rezista. Ile rezista ndogo ya robo wati itawaka moto. Karibu vipande vinne kati ya vitano vya nguvu ya betri vinapashia hewa joto bure.

Njia ya pili ni kupanga taa tatu tatu mfululizo, yaani moja ikifuata nyingine, chanya ya hii kwa hasi ya ile. Taa tatu hula volti 9. Toa katika 14.4, zinabaki 5.4. Gawa kwa 0.02, unapata omu 270, na rezista ya omu 270 inapatikana dukani. Joto lake ni wati 0.108 tu, kwa hiyo ya robo wati inatosha. Tunatengeneza vikundi vitatu, kila kimoja na rezista yake, halafu vikundi hivyo tunavifunga sambamba kwenye betri. Mkondo wote unakuwa ampea 0.06 badala ya 0.18. Taa ni zile zile tisa, lakini betri inatoa theluthi moja tu ya mkondo.

Faida yake ionekane kwa siku. Tuchukue betri ndogo ya saa-ampea 7, na tukubaliane kutumia nusu tu kwa maana betri ya risasi na asidi huharibika ikinyonywa mpaka mwisho. Nusu ni 3.5. Kwa njia ya kwanza, 3.5 gawa kwa 0.18 ni takriban saa 19. Kwa njia ya pili, 3.5 gawa kwa 0.06 ni takriban saa 58. Anayewasha saa nne kila jioni atapata siku nne kwa njia ya kwanza na siku kumi na nne kwa ya pili. Betri ikishuka chini ya volti 14.4, mkondo na mwanga hupungua, na taa hazidhuriki.

Neno la tahadhari, maana sitaki mtu aseme jarida letu lilichoma nyumba. Kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, weka fyuzi ndogo, ya ampea 1 inatosha. Nyaya za betri kubwa zikigusana, zinaweza kuwa nyekundu na kuwasha mbao au pazia kabla hujapiga kelele. Viungo vyote vifungwe tepu ya umeme. Na betri isichajiwe chumbani mnamolalwa bila hewa, kwa sababu hutoa gesi inayolipuka.

Kwa hesabu hii binamu yangu na mimi tulimfungia yule mama taa nyingine mwezi wa Agosti. Alitupa chapati mbili mbili. Kwetu pia nimefunga kikundi kimoja juu ya meza, na ndicho ninachosomea stima ikipotea. Sisi wa shule ya kutwa hatuna preps za usiku kama wenzetu wa bweni. Mwanga wetu tunajitafutia wenyewe, na mitihani ni ile ile.

Turudi kwa Ohm, maana nilimwacha mahali pabaya. Kitabu chake kilitoka 1827, naye alitumaini kwamba sasa atapata kazi ya chuo kikuu. Wapi! Wataalamu wengi wa Ujerumani hawakukipenda. Walimwona kama mtu anayelazimisha hisabati mahali pasipohitajika. Mmoja wao, Pohl, alikishambulia hadharani. Ohm aliumia moyo. Mwaka wa 1828 aliacha kazi yake ya Köln, akabaki Berlin akifundisha vipindi vya hapa na pale. Mtu aliyekuwa amegundua kanuni ambayo leo inafundishwa dunia nzima aliishi miaka kadhaa bila kazi ya kudumu. Mnamo 1833 ndipo alipopata uprofesa katika chuo cha ufundi cha Nürnberg.

Wakati huo huo, kweli ilikuwa ikitembea polepole. Fechner wa Leipzig alirudia vipimo na kuona kwamba vinakubaliana na Ohm. Simu za nyaya, ile telegrafu, zilianza kuenea, na mafundi wake walikuwa na shida ya kweli: waya wa maili nyingi utapitisha mkondo kiasi gani, na betri ngapi zinahitajika? Jibu lilikuwa katika kitabu kile kilichodharauliwa. Mwaka wa 1841 Royal Society ya London ilimtunuku Ohm nishani ya Copley, heshima yake kubwa kuliko zote. Yaani miaka kumi na minne baada ya kitabu, tena alisifiwa ugenini kabla ya kusifiwa kwao. Mwaka wa 1849 aliitwa München, na 1852 akapewa kiti cha profesa wa fizikia katika chuo kikuu, kile alichokitamani tangu ujana. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alikikalia miaka miwili tu. Alifariki tarehe 6 Julai 1854.

Mwaka wa 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris ulikubali jina lake liwe kizio cha ukinzani, likikaa pamoja na volti ya Volta na ampea ya Ampère. Kuna na kichekesho: kinyume cha ukinzani kiliwahi kuitwa mho, yaani Ohm aliyeandikwa kuanzia nyuma!

Kwa haki ni lazima niseme pia kwamba Mwingereza Henry Cavendish alikuwa ameona jambo kama hili miaka ya 1780, akipima kwa kujipiga umeme mwilini. Lakini hakulichapisha. Likakaa katika makaratasi yake hadi Maxwell alipolitoa mwaka wa 1879. Kwa hiyo Cavendish alijua peke yake, na ulimwengu haukufaidi. Ohm aliandika, akachekwa, na ulimwengu ukafaidi. Mimi nadhani hapa ndipo somo lake kwetu lilipo, hasa sisi wa chama cha lugha. Unachokijua ukikiandika waziwazi, hata wakikikataa leo, kipo. Atakayekihitaji kesho atakikuta.

Basi wenzangu, mtakapoiandika tena V sawa na I mara R, mkumbukeni mwana wa fundi kufuli aliyekesha na nyaya nane, maji moto na barafu. Na yeyote mwenye taa zake za mawe nyumbani asizifunge kwenye betri kubwa kabla ya kuchukua kalamu. Mwalimu wetu wa fizikia amekubali kwamba mwenye hesabu yake amletee maabarani siku ya Ijumaa jioni, aikague kabla waya haujakatwa.